MJADALA: Kempa nyuma ya nyumba yangu, HOA inahusika vipi?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uwazi, hasa mnaoishi Florida na mliokwisha kununua nyumba kwenye makazi yenye chama cha wamiliki, yaani HOA.

Mtu ana kempa lake, trela lenye vitanda, jiko na choo ndani. Kiwanja ni chake na mkopo wa nyumba analipa yeye. Je, chama kina haki ya kumwambia asiliweke nyumbani?

Msimamo wangu: mbele ya gereji, kina haki. Nyuma ya nyumba, hapana.

La mbele sitalibishia sana. Kutoka mlango wa gereji hadi njia ya waenda kwa miguu mara nyingi ni kama futi 20. Kempa la futi 25 linatokeza mpaka wanapopita watoto wa shule, na mwenye kiti cha magurudumu analazimika kushuka barabarani. Jirani anayetoka kinyumenyume na gari haoni anayekuja. Vyama vingi hutoa saa 24 au 48 za kupakia na kushusha mizigo, na zinatosha.

Shida iko nyuma. Mwaka 2023 Florida ilipitisha sheria inayoizuia HOA kumkataza mwenye nyumba kuweka kitu kwenye kiwanja chake, ilimradi kisionekane kutoka mbele ya kiwanja wala kutoka kiwanja cha jirani (mwaka 2024 yakaongezwa eneo la pamoja na uwanja wa gofu wa makazi). Boti na magari ya kambi, yaani makempa na mengine ya aina hiyo, yametajwa humo waziwazi. Wengi tulishangilia. Sasa chukueni futi kamba mkapime. Uzio unaoruhusiwa sehemu nyingi ni futi 6. Kempa la kawaida lina kimo cha futi 10 au 11, na kiyoyozi kiko juu ya paa. Futi 4 au 5 zinachungulia juu ya uzio, jirani anaziona, basi haki yako imeishia hapo. Anayenufaika ni mwenye kempa dogo la kukunja. Sheria iliyotaja magari ya kambi imewaacha nje karibu wenye magari ya kambi wote!

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji:
Mleta mada, nakupinga, na si kwa ubaya. Nilinunua hapa kwa sababu ya masharti hayo hayo ya chama. Yameandikishwa kaunti na yanafuata kiwanja, awe nani mwenye nyumba. Nawe uliyakuta ukayasaini. Dirisha langu la jikoni likitazama ubavu wa trela mwaka mzima, siku ya kuuza nyumba hasara ni yangu. Yadi za kukodi nafasi ya kuegesha zipo, lipia. Halafu tuseme ukweli: leo kempa limeegeshwa, kesho kuna mgeni analala humo, keshokutwa ni mpangaji.

Mleta mada:
Ahsante mkuu, umeongea hoja. Nianze na la mpangaji, maana hapo tuko pamoja. Sharti liseme wazi kwamba hakuna kulala ndani, hakuna kuunganisha maji taka. Hilo linakataza kuishi, na kuegesha kunabaki halali.

Kuhusu yadi: ukilipa dola 120 kwa mwezi, mwaka ni dola 1,440, na kempa lenyewe huenda unalitumia likizo mbili tu. Zaidi ya fedha, fikiria mvua za huku. Maji huingilia kwenye maungio ya paa, mbao za ndani zinalowa polepole. Likiwa nyumbani unapanda ngazi baada ya mvua, unaona gundi iliyopasuka, unaziba siku hiyo hiyo. Likiwa yadi, unakuja kugundua sakafu inabonyea chini ya mguu. Na msimu wa vimbunga, Juni hadi Novemba, amri ya kuhama ikitoka familia inataka kufunga trela na kuondoka, si kupanga foleni kwenye geti la yadi.

Dirisha lako la jikoni nalielewa kweli. Ndiyo maana nataka wabunge waondoe kigezo cha jirani kuona, waweke umbali maalumu kutoka mpakani, pamoja na miti au wavu wa kukinga. Umbali unapimika. Kuonekana kunategemea jirani ana ghorofa ngapi.

Mwenye barua ya onyo ya bodi ya chama mkononi asiipuuze. Florida bodi haiwezi kukutoza faini bila taarifa ya maandishi ya siku 14 na nafasi ya kusikilizwa na kamati ya watu wasiopungua 3 wasio viongozi wa chama wala ndugu zao. Faini ni hadi dola 100 kwa siku, na kwa kosa linaloendelea kikomo ni dola 1,000, isipokuwa masharti yenu yaseme zaidi. Ikifika 1,000 inaweza kusajiliwa kama deni juu ya nyumba. Nendeni kwenye kikao hicho na picha na vipimo.

Wa Texas na Arizona, kwenu ikoje?