Ulinganisho: mbwa wa shamba anaanguka kifafa, nianze fenobabitoni, bromaidi au Keppra? (ninao wawili na kila mmoja anaanguka kivyake)

mkulima_kilosa
Wakuu habari za majukumu. Nina mbwa wawili wa kukimbiza nguruwe pori na ngedere, huku kwetu Kilosa mahindi yakianza tu kubeba usiku halali mtu. Jimi ni dume, miaka mitatu, shepadi kachanganyika na wa kienyeji, kilo 24 kwa mizani ya magunia. Risasi ni jike la kienyeji tupu, mwembamba, ndio mkimbiaji.

Jimi ni mara ya tatu sasa ndani ya miezi miwili. Saa nane saa tisa usiku kalala zake, nasikia sufuria lake linagonga ukuta ka ka ka, nikitoka na tochi namkuta kalalia ubavu miguu inapiga kama anaogelea, mdomo povu, kajikojolea, macho wazi ila haoni. Inachukua kama dakika moja na nusu. Akiinuka anazunguka banda kama mlevi wa mnazi, anagonga ndoo, anakula chochote anachokutana nacho, nusu saa nzima hata jina lake halijui.

Risasi yeye anaanguka kazini, mchana, tukishakimbizana saa mbili tatu, miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka, anakaa chini ananiangalia. Imetokea mara mbili.

Wa duka la dawa za mifugo anasema wote kifafa nianze fenobabitoni, jirani anasema bromaidi, binamu yangu yuko Dar anasema Keppra ndio ya kisasa. Naomba aliyetumia anieleze faida na hasara. Na wale wa "mpige risasi tu" naomba mpite pembeni.

Babu_Ndezi
Sasa we mbwa umempa jina Risasi alafu hutaki watu watamke 😂. Sisi zamani mbwa akipata degedege unamkata ncha ya sikio damu itoke, unamnusisha kijiti cha kiberiti kilichoungua, anainuka hapohapo. Hizo Keppra ni mambo ya wenye hela.

Mama_Shepadi
Shikamoo babu, kwa heshima zote hapo sikubali. Anainuka kwa sababu degedege lenyewe lingeisha ndani ya dakika mbili hata ungemsomea gazeti. Unambakizia mbwa sikio lenye kidonda na nzi juu yake.

Mkulima, mimi niko Arusha na dume langu lilikaa kwenye fenobabitoni miaka minne kwahiyo hii naijua. Faida ya kwanza bei, ni dawa ya binadamu ya siku nyingi, vidonge vya miligramu 30, haikuumizi mfuko. Ya pili inafanya kazi kweli, wangu alikuwa anaanguka kila baada ya wiki mbili akaja kuwa mara moja kwa miezi minne mitano. Hasara sasa, wiki mbili za mwanzo utajuta, anayumba, miguu ya nyuma haimsikilizi, anakunywa maji ndoo nzima anakojoa kila kona, na njaa hiyo sijapata kuona, aliiba ugali ukiwa bado jikoni na mwiko akaondoka nao. Baadae kuyumba kuliisha ila njaa ilibaki mpaka mwisho.

Ini lazima lipimwe, mi nilikuwa natoa damu kila miezi sita, na kiwango cha dawa kwenye damu wanapima baada ya wiki mbili tatu tangu uanze, sio siku ya pili. Ni asubuhi na jioni, saa ileile, weka alamu kwenye simu. Mwaka mmoja niliishiwa wikiendi ya sikukuu, maduka yamefungwa, nikasema siku mbili si kitu. Usiku wa pili alianguka mara nne. Hii dawa haikatwi ghafla jamani, hata kama mbwa amekaa mwaka mzima hajaanguka.

Mutua_Kitui
Pole ndugu. Mimi nilianza na hiyo hiyo feno, haikutosha peke yake, daktari akaniongezea potasiamu bromaidi juu yake. Nizungumzie bromaidi basi. Uzuri wake haisumbui ini, inatoka kwa figo, na unaweza kupeana mara moja kwa siku pamoja na chakula. Ubaya ni pole pole sana, inachukua kama miezi mitatu ndio ijae kwa damu, sasa kama mbwa anaanguka kila wiki utangoja mpaka ulie. Na hutaipata kwa shelfu ya agrovet, mimi nilikuwa nachanganyiwa na mfamasia.

Kitu kingine watu hawaambiwi ni chumvi. Bromaidi na chumvi zinashindania mlango mmoja kwa figo, ukizidisha chumvi dawa inatoka na mkojo, ukipunguza ghafla dawa inapanda mbwa analewa. Mimi nilikuwa nampa mbwa omena ya kukausha leo, kesho mabaki ya hoteli, kesho kutwa sima tupu, na nikashangaa mbona wiki moja yuko sawa wiki ingine anaanguka. Daktari aliniuliza swali moja tu, "anakula nini?" Kutoka hapo chakula ni kile kile kila siku. Na usimpe mafuta mafuta, hii dawa inaweza kuchokoza kongosho, wangu alitapika siku tatu Krismasi juu ya ngozi ya mbuzi.

By the way huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo mbwa wangu ni wa kufukuza nyani tu kabla mtu hajaniuliza.

bigo_Texas
Wandugu salama. Niko Texas, nina mbwa wawili aina ya bigo (beagle) wa kuwinda sungura na mmoja ana kifafa, anatumia levetirasetamu ambayo ndio hiyo Keppra. Tofauti kubwa niliyoiona ni kwamba halewi wala hanenepi, kichwa kiko wazi, anawinda kama kawaida, na ini halisumbuliwi. Shida ni masaa. Vidonge vya kawaida ni kila baada ya saa nane, yani asubuhi, mchana, usiku, hata ukiwa kazini ukiwa msibani ukiwa wapi. Kuna vya kutoa dawa taratibu, hivyo ni mara mbili kwa siku ila lazima amezwe kizima, ukikivunja umeharibu. Na ukiwa unampa pamoja na fenobabitoni, feno inaiondoa Keppra haraka mwilini kwahiyo daktari anapandisha dozi. Kwa mtu wa shamba anayetoka alfajiri kurudi jioni, sijui, mi ningeanza na feno.

Mbili za pembeni. Vidonge vya kutafuna vya kupe na viroboto, kina Bravecto, NexGard, Simparica, mamlaka ya dawa ya huku FDA ilitoa tahadhari 2018 kwamba baadhi ya mbwa vinaweza kuwaletea mtetemeko na degedege. Wengi havina shida ila kama mbwa ana historia ya kuanguka mwambie daktari kwanza. Na siagi ya karanga ya dukani soma kopo, ikiwa na zailitoli (xylitol, kile kitu cha utamu badala ya sukari) hiyo ni sumu kwa mbwa, inamshusha sukari mpaka anaanguka.

daktari_wa_porini
Mkulima mkuu, mmeanza kulinganisha dawa na bado hatujajua mgonjwa anaumwa nini. Mbwa wako wawili wanaumwa vitu viwili tofauti kwa jinsi ulivyoandika, na maelezo yako ni mazuri kuliko ya wengi wanaokuja kliniki.

Risasi simuoni kama ana kifafa. Anaanguka akiwa anafanya kazi, anakuangalia, anajitambua. Hapo nawaza sukari kushuka na joto. Mbwa mwembamba anakimbia saa tatu tumbo tupu, akiba inaisha, misuli na ubongo vinagombania kilichobaki. Labrado wana ugonjwa wao wa kurithi wa kulegea miguu ya nyuma baada ya dakika chache za mbio kali, ila huyu ni wa kienyeji. Ukimpa huyu fenobabitoni utakuwa umemlewesha bure na ataendelea kuanguka.

Jimi ndio anafanana na kifafa chenyewe, kile kisicho na sababu inayoonekana, kinaanza kati ya miezi sita na miaka sita na hupenda kuja mbwa akiwa amelala. Lakini mpaka tuondoe mengine. Nijibu haya: amechanjwa nini na lini? Dawa gani ya kupe na minyoo unatumia, na unapimaje? Mkojo ulishawahi kuwa mwekundu au kama chai ya rangi? Macho yana ukungu? Shambani kwako au kwa jirani kuna mtu anatega sumu?

Mjuaji_wa_Mambo
Dokta umesema tumbo tupu, sasa mbwa akishiba anakimbiaje? Mbwa wa kuwinda halishwi, njaa ndio inamkimbiza. Kila mtu anajua hii.

Mutua_Kitui
Wee, kila mtu nani? Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka nikabeba mbwa kilo ishirini kwa mabega kutoka mlimani.

daktari_wa_porini
Njaa haimkimbizi, ni damu yake tu, hata akishiba anamfukuza nguruwe. Ni kweli usimpe sahani kubwa alafu umtoe mbio hapohapo, tumbo linaweza kujipinda na hiyo inaua. Mpe mlo mkubwa jioni ya kuamkia, asubuhi kidogo sana, masaa matatu kabla ya kutoka, na mkiwa njiani kila baada ya saa moja tonge la ugali wenye yai au nyama, na maji. Akilegea mpakie asali au glukosi kwenye fizi kidole kikiwa nje ya meno, usimmiminie kooni.

Kama ni joto utaona ulimi mwekundu sana, anahema bila kutulia, anatapika. Hapo mmwagie maji mwili mzima mpepee, poza kwanza ndio usafiri. Joto la kawaida la mbwa ni 38 mpaka 39, likipita 41 na bado analegea hiyo ni dharura.

mkulima_kilosa
Daah asanteni. Dokta majibu: kichaa alichanjwa mwaka jana walipokuja na kampeni kijijini, chanjo nyingine hajawahi. Mkojo kawaida. Macho safi. Minyoo na kupe nawachoma ile sindano ya ng'ombe, ya ivermektini, nakadiria kwa macho. Sumu sijasikia ila jirani alipoteza mbwa mwaka huu, alitetemeka akatoka mate mengi akafa asubuhi.

daktari_wa_porini
Sindano ya ng'ombe ndio niliyoiogopa. Ile imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia nne, kwa mbwa ukikadiria kwa macho ni rahisi sana kuzidisha dozi, na ikizidi inaingia kwenye ubongo, anatetemeka, haoni, anaweza kuanguka na kuzimia. Wenye damu ya koli (collie, mbwa wa kuchunga kondoo) hata kidogo inaweza kuwaua. Acha leo. Angalia pia kama siku za kuanguka zinafuatana na siku za sindano. Vivyohivyo Berenili ya ng'ombe, wanaichoma kwa ugonjwa wa kupe na ni kweli inatibu, ila ikizidi kidogo kwa mbwa inaharibu ubongo.

Jirani yako huyo mbwa wake kala sumu, mate mengi na kutetemeka na mboni ndogo ni dawa za wadudu za shambani, watu wanazipaka kwenye nyama kutega fisi. Hiyo ikitokea unakimbia kwa daktari, kuna atropini.

Chanjo ya distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, usiipuuze. Ugonjwa wenyewe unaanza na mafua na tongotongo, wiki kadhaa baadae mbwa anatafunatafuna hewa, msuli mmoja unarukaruka, alafu degedege. Mwaka 1994 virusi hivyohivyo kutoka kwa mbwa wa vijijini viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, watalii walikuwa wanawaona wanaanguka kama Jimi wako. Na mbwa anayeingia porini penye ndorobo anaweza kupata nagana, yaani malale ya wanyama, jicho linakuwa la bluu kama maziwa yaliyochanganywa na wino.

Na kwa wote mnaosoma: mbwa asiyechanjwa akianza kuanguka na tabia imebadilika, anauma vitu, sauti imekauka, usimguse mdomo, kinaweza kuwa kichaa. Hata huyu wa kifafa usiweke mkono, ulimi haumezwi, ondoa tu vitu vya kugonga, angalia saa, mrekodi. Ikipita dakika tano au ikirudi mara mbili ndani ya siku moja, ni hospitali.

mkulima_kilosa
Mrejesho wakuu, ni wiki tano sasa.

Risasi nilifanya kama dokta alivyosema, natembea na matonge kwenye mfuko wa koti kama mama wa chekechea, wenzangu wananicheka, hajaanguka tena hata siku moja. Jimi alianguka mara ya nne, nikamrekodi kwa simu, nikampeleka Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Video ndio iliyosaidia maana mbwa mwenyewe alifika mzima anatingisha mkia. Wakatoa damu, ini na sukari viko sawa, wakaanza fenobabitoni, vidonge viwili vya 30 asubuhi na viwili jioni. Tarehe za sindano nililinganisha, hazifuatani, ila sindano nimeacha.

Mama Shepadi ulisema ukweli, wiki ya kwanza alikuwa anakaa chini katikati ya kutembea. Jana kala sabuni. Swali langu, naweza kumrudisha kulinda usiku? Mahindi yamekomaa.

Mama_Shepadi
Sabuni ni mwanzo tu, ficha na ndala. Kulinda mrudishe akiacha kuyumba, ila asiende peke yake, na kama shamba linapakana na mto mfunge upande wa pili. Akianguka kwenye maji hata kina cha goti hatoki. Mvishe kengele shingoni, usiku ikilia mfululizo mahali pamoja utajua.

Babu_Ndezi
Kengele nguruwe si watasikia?

mkulima_kilosa
Wakimbie tu babu, ndicho ninachotaka.