Hukumu inasema "mdaiwa atalipa gharama": mdai anarudishiwa nini hasa?

Ilomba_juu: Habari wakuu. Shauri la deni la viazi mviringo, Mahakama ya Hakimu Mkazi hapa Mbeya. Mdai aliomba 48,000,000, akapewa 9,000,000. Hukumu ya tarehe 14 Machi inaishia na "mdaiwa atalipa gharama za shauri". Wakili kalipwa 5,000,000, na mashahidi wawili walipanda basi kutoka Makete mara mbili. Zote zinarudi? Mdaiwa naye anasema hawezi kulipa gharama kamili wakati mdai kashinda kidogo tu.

Kabwe_sheria: Mkuu, hoja ya mdaiwa ilitakiwa isemwe kabla ya hukumu. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33 (toleo la 2019), kinamwachia hakimu aamue nani alipe na kwa kiasi gani. Kawaida aliyeshindwa hulipa, na hakimu akimnyima mshindi lazima aandike sababu. Angeweza kumpa mdai nusu tu. Mara nyingi kila upande hubeba gharama zake ndugu wanapogombea mirathi, au shauri linapoanguka kwa kasoro aliyoiibua hakimu mwenyewe. Hapa amri ipo, na afisa mkadiriaji (anayepitia gharama zinazodaiwa na kupanga kiasi cha kulipwa) hana mamlaka ya kuipunguza kwa sababu ya ile 9,000,000. Asiyeridhika akate rufaa.

Ila "gharama" si kila shilingi iliyomtoka mdai. Anawasilisha bili ya gharama, yaani orodha ya anachodai, chini ya Amri ya Malipo ya Mawakili, Tangazo la Serikali Na. 264 la 2015, na ada ya wakili inapimwa kwa viwango vya majedwali yake. Hiyo 5,000,000 ni mapatano yake na wakili; ikizidi kiwango, ziada inabaki kwake.

Bili iwe na safu za tarehe, namba, maelezo ya kazi, kiasi, na nafasi ya makato. Fedha alizotoa mfukoni, yaani ada za mahakama, nauli na nakala, ziwekwe mwishoni peke yake. Kosa ninaloliona sana ni kuandika "kuhudhuria mahakamani mara 14" kwa mkupuo. Kila tarehe iwe na mstari wake, ilingane na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za mahakama za kila tarehe. Tarehe isiyomo kwenye mwenendo inafutwa.

Masjala_Iringa: Naongezea kuhusu kutia chumvi kwenye bili, maana watu wanaumia. Ikikatwa zaidi ya moja ya sita ya bili, ada za mahakama zikiwekwa kando, mleta bili hapati gharama za ukadiriaji wenyewe. Mfano, bili ya 4,800,000: moja ya sita yake ni 800,000. Ikikatwa 850,000, siku zote alizohudhuria kuitetea bili ni hasara yake.

Ilomba_juu: Asante sana. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya wakili haipo, na tiketi za basi ni za safari moja tu.

Kabwe_sheria: Ada ya wakili haihitaji risiti. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo katika Tanzania Rent a Car dhidi ya Peter Kimuhu, kwa kuwa mkadiriaji anafuata viwango vya sheria. Tiketi ndizo shida: malipo ya mfukoni yanaweza kudaiwa ushahidi, na safari isiyo na tiketi iko hatarini. Akaombe nakala kwa wakala wa basi mapema.

Masjala_Iringa: Na muda! Bili inawasilishwa ndani ya siku 60 tangu amri ya gharama. Usihesabu tangu siku ya kupewa nakala ya hukumu. Kwa tarehe 14 Machi, mwisho ni 13 Mei. Ikipita, ni kuomba nyongeza ya muda Mahakama Kuu kwa sababu za msingi. Asiyeridhika na ukadiriaji anapeleka rejea, yaani maombi ya kuupitia upya, kwa Jaji wa Mahakama Kuu ndani ya siku 21. Jaji haingilii kwa tofauti ya laki moja mbili. Mwonyeshe kanuni iliyokosewa, kwa mfano jedwali lisilohusika limetumika.

Ilomba_juu: Nimeelewa. Kesho tunaanza na mwenendo, tarehe kwa tarehe.