Miaka 38, nataka kuacha benki niwe fundi AC

Wakuu, niko kaunta mwaka wa 12 sasa, nahesabu hela za watu mpaka vidole vinanuka noti, ila wikiendi nikishika spana kufungua AC ya jirani nasahau hata kula. Niende VETA, chuo cha ufundi, au nshachelewa? Wife ananiona chizi.

>> Usiache kazi kwanza mkuu, ulizia kozi fupi za jioni.

>> Mi nilikuwa ticha, nikaingia kwenye mafriji na miaka 41. Mwaka wa kwanza njaa tupu, wa pili joto la Dar lilivyoanza Novemba simu hazikatiki. Ila gesi za kupoozea za AC jifunze vizuri, R32 inashika moto, sio kama R22 ya zamani.

>> Wife muoneshe hela ya jirani.

>> Jirani hajalipa 😂