Klematisi ya dabo inanitolea maua ya singo misimu miwili. Tatizo ni mbolea au niliuziwa feki?

NyotaYaBustani
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka, nimekwama na sitaki kuharibu zaidi. Niko Leicester, Uingereza. Mei 2023 nilinunua klematisi, mmea wa maua unaotambaa ukutani, aina ya 'Vyvyan Pennell', kibandiko kinasema maua ya dabo. Dukani ilikuwa na maua mawili ya zambarau mpauko, yamejaa tabaka juu ya tabaka mpaka kitovu cha ua hakionekani. Nikaipanda kwenye ukuta wa magharibi. Tangu hapo ni singo tu: petali nane bapa, katikati wazi, kuanzia mwisho wa Julai. Kinachonichanganya, mwezi uliopita wa nane kule juu karibu na fensi imetoa dabo, ndogondogo, nyekundu ya kuelekea zambarau. Nitie mbolea gani dabo zirudi mmea mzima?

Mzee wa Mboji
Dada, kabla ya mbolea tazama shimo. Huko udongo mwingi ni mfinyanzi mzito, maji hutuama. Shimo liwe sm 45 upana na sm 45 kina, chini ulegeze kwa uma, uchanganye ndoo ya mboji iliyooza vizuri. Likae sm 30 hadi 40 kutoka ukutani, maana pale chini kabisa ya ukuta mvua haifiki. Shingo ya mmea izame kama sm 6 chini ya ilivyokuwa kwenye chungu, ili shina la juu likifa yawepo macho (vichipukizi) ardhini ya kuanzia upya. Kichwa juani, miguu kivulini: weka kigae au mawe bapa juu ya mizizi, au panda kitu kifupi mbele yake. Wiki kavu za kiangazi, lita 15 kwa wiki, zimwagwe polepole.

Koleo
Mimi nasema mnyauko. Hizi za maua makubwa hushambuliwa na ukungu, na 'Vyvyan Pennell' inajulikana kwa udhaifu huo. Dalili: shina linalala ghafla, majani yananing'inia, kikonyo cha jani kinakuwa cheusi kuanzia pale kilipoungana na jani. Ukikata shina ndani utaona rangi ya kahawia. Kata mpaka ukutane na sehemu nyeupe yenye afya, hata kama ni chini ya usawa wa udongo, choma au tupa ulichokata, usikitie kwenye mboji. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia shina jingine. Angalia pia koa, huguguna ganda la shina usiku na mtu akadhani ni ugonjwa.

NyotaYaBustani
Asanteni. Shimo nililichimba hivyohivyo na hakuna shina jeusi hata moja. Mmea una afya, umefika mita mbili na nusu. Ndiyo maana nauliza mbolea.

Fundi Waya
Mmea wenye afya, mita mbili na nusu, na ua la kwanza linakuja mwisho wa Julai? 'Vyvyan Pennell' huanza mwisho wa Mei au Juni. Ulikata lini, na ulikata wapi?

NyotaYaBustani
Februari. Nilikata yote, sm 30 kutoka ardhini, miaka yote miwili. Lakini sikukisia tu, jirani yangu mzee wa hapa anakata yake hivyohivyo kila Februari na inajaa dabo kuliko duka. Ningefuata ya nani? Na niseme yote: jana nimeshachimba mfereji upande mmoja, na 'Josephine' nimeilipia, inafika Jumamosi. Hii naiondoa. Nilitaka tu kujua kama mbolea ingeiokoa.

Fundi Waya
Simamisha koleo, dada. Hilo la mkasi ndilo jibu lenyewe, mbolea haihusiki.

Klematisi hupangwa makundi matatu kwa jinsi zinavyokatwa, na hizi za kundi la pili zina mawimbi mawili ya maua. Wimbi la kwanza hutoka kwenye shina la mwaka jana, lililokomaa na kupitia baridi. Macho yake huchipua tawi fupi, na kichwani mwa tawi hilo ndipo ua la dabo linapokaa. Wimbi la pili, mwisho wa kiangazi, hutoka kwenye shina jipya la mwaka huohuo, na kwa 'Vyvyan Pennell' hilo huwa singo. Ukikata sm 30 Februari umeondoa shina lote la mwaka jana, kwa hiyo wimbi la kwanza halipo kabisa. Ulichokiona misimu miwili ni wimbi la pili peke yake. Si feki, imefanya kile ulichoiachia nafasi ya kufanya.

Sasa rudisha udongo leo, ushindilie kwa mkono na si kwa mguu. Mizizi yake ni minene kama tambi na hukatika kirahisi, kwa hiyo kuna uliyokwisha kuikata. Mwagilia lita 15, weka matandazo ya mboji sm 5, usiyagusishe na shina. Kuhamisha klematisi Septemba, majani yakiwa kamili, ni kuihatarisha. Kama lazima ihame, iwe mwisho wa baridi ikiwa imelala.

Uzi Mrefu
Kung'oa mmea mzima kwa kosa la mkasi ni uonevu. Hata anayefuga kuku huuliza kwanza kwa nini hatagi kabla ya kumchinja. Na 'Josephine' ikifika usiitie shimo hilohilo, ipe mita moja pembeni na udongo mpya. Hiyo hutoa dabo mawimbi yote mawili, kwa hiyo pesa yako haijapotea.

Tawi la Juu
Wakuu, samahani, mimi naona tunapewa chai. Soma tena bandiko la kwanza. Mmea mmoja, mwezi uleule wa nane, singo ya zambarau mpauko chini na dabo ndogo nyekundu juu? 'Vyvyan Pennell' haina rangi hiyo na haina ukubwa huo, ua lake la dabo linafika sm 15. Halafu jirani anayekata sm 30 kila mwaka na kupata dabo kila mwaka. Mambo hayo mawili kwa kundi la pili hayawezekani. Ama habari imeunganishwa, ama hakuna mmea.

NyotaYaBustani
Nimeumia kidogo. Sina sababu ya kutunga. Maua nimeyaona kwa macho yangu, mawili yako kwenye glasi jikoni sasa hivi. Upana wake ni sm 6.

Fundi Waya
Tawi la Juu umeuliza vizuri, ila jibu si uongo. Dada, shika ua hilo la juu, ufuate kikonyo chake kwa vidole kurudi chini, pole pole, jani kwa jani. Usivute. Klematisi hujishika kwa vikonyo vya majani vilivyojisokota, ukivuta unavunja shina. Kila sm 30 funga uzi wa sufu mwekundu ili usipotee. Niambie shina linaingia ardhini wapi.

NyotaYaBustani
Nimerudi. Nimetumia dakika 40. Nyuzi saba, ya nane imepita juu ya fensi. Shina linashuka upande wa jirani.

Fundi Waya
Basi hiyo ni ya jirani, na kwa maelezo yako ni 'Purpurea Plena Elegans', ya jamii ya vitisela, kundi la tatu. Hutoa maua ya dabo madogo, nyekundu ya zambarau, Julai hadi Septemba, *kwenye shina jipya*. Kwa hiyo kuikata sm 30 Februari ndiyo sahihi kwake, na mnyauko hauisumbui. Jirani alikufundisha kweli tupu, kwa mmea wake.

Tawi la Juu
Nimefuta shutuma yangu, dada, uniwie radhi. Na kweli majani yao ukiyaona kwa mbali huwezi kutofautisha.

Binti wa Lushoto
Je, hiyo 'Vyvyan Pennell' huku Lushoto itakubali?

Mzee wa Mboji
Bila majira ya baridi ya kuilaza, hizi za maua makubwa hutoa kwa kusuasua. Huku nyanda za juu tunayo ya kwetu ya porini, *Clematis brachiata*, singo ndogo nyeupe zenye harufu, inapanda vichakani. Anza na hiyo.

NyotaYaBustani
Udongo nimerudisha na maji nimemwaga. Sasa Februari nifanye nini hasa?

Fundi Waya
Mpaka Februari usiguse mkasi. Shina zilizoota msimu huu ndizo zitakazobeba dabo za Mei, kwa hiyo sasa hivi zitandaze kama vidole vilivyokunjuliwa na uzifunge kwa kamba laini, kwa kulegeza. Waya ziwe nyembamba, mm 2, kila sm 30, zikae sm 5 mbele ya ukuta. Kikonyo hakiwezi kuzunguka ubao mnene.

Mwisho wa Februari anza kila shina kileleni, shuka mpaka jozi ya kwanza ya macho yaliyovimba, ukate juu yake tu. Kwa kawaida unaondoa sm 15 hadi 30, pamoja na vilivyokauka. Macho hai ni manene na ya kijani au wekundu, yaliyokufa yakiguswa yanapukutika. Aprili anza mbolea ya maji, ile inayouzwa kwa ajili ya nyanya, kila wiki mbili, ina potashi nyingi. Isimamishe matumba yakikaribia kufunguka, maana ukiendelea maua hupita haraka. Na vaa glavu, utomvu wake huwasha ngozi.

NyotaYaBustani
Nimetoka na tochi kuangalia. Kwenye shina nene la kati, usawa wa kifua, kila kwapa la jani lina jicho, mawili mawili yanatazamana. Madogo kuliko punje ya mtama, lakini yapo. Nimefunga shina hilo la kwanza kabisa.