Wauza garneti "za enzi ya Victoria", geuzeni bruchi tuone mgongo!

Wakuu, huu mchezo wa kupiga picha ya mbele tu ya bruchi (pambo la kubana kwenye nguo kwa pini) na kuandika "garneti halisi ya Bohemia, enzi ya Victoria" umezidi. (Garneti ni jamii ya vito, vingi vyekundu; Bohemia iko Cheki ya leo; Victoria ni malkia wa Uingereza aliyetawala 1837 hadi 1901.) Kwa mbele kila kitu ni chekundu, hata kioo. Ushahidi uko mgongoni.

Garneti ya Bohemia ni aina iitwayo piropi. Wekundu wake mkali unatokana na kromu, na kwa asili ni punje ndogo. Inayozidi milimita 5 ni nadra. Ndiyo maana mafundi wa kule walizibananisha kwa makumi kama punje za komamanga. Kazi za nusu ya pili ya karne ya 19 mara nyingi ni mabati yaliyotobolewa na kupangwa tabaka kwa ribiti, ya shaba au fedha iliyopakwa dhahabu, au dhahabu ya karati ndogo. Sasa mtu analeta jiwe moja la milimita 12, jekundu la kuelekea zambarau, ndani ya karati 18, eti Bohemia! Hiyo ni almandini, aina nyingine ya garneti. Yaweza kuwa ya kale kweli, maana enzi zile walizipenda zikiwa zimesuguliwa juu kuwa mviringo, zimekombwa nyuma ili mwanga upite. Lakini iite jina lake.

Na wewe unayeuza tsavoraiti, garneti ya kijani, eti ya enzi ya Victoria: iligunduliwa Tanzania mwaka 1967. Victoria alikufa 1901. Aliivaa kaburini?

Na wanaotumia sumaku kuthibitisha garneti nao wapunguze kelele. Garneti ina chuma, inavutwa na sumaku kali, sawa, lakini pini ya bruchi ikiwa ya chuma umepima pini. Kwa kioo chukua lenzi ya mara 10: tafuta viputo vya duara na kingo zilizolika. Kioo ni laini kuliko garneti.

Kinachouma zaidi ni matengenezo. Mtu anadondosha risasi ya kulehemu mgongoni, kisha kidole kinaifunika kwenye picha. Sonara atakayepasha moto baadaye bila kuikwangua yote ataona risasi ikila dhahabu na fedha hadi vishimo, na moto wa ghafla unapasua garneti. Vito vya kabla ya Victoria, vilivyofungwa nyuma na kuwekewa karatasi ya metali chini ya jiwe, ndivyo mnavyotumbukiza kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti! Maji yakipenya, karatasi inageuka nyeusi na jiwe linafifia. Hakuna kusugua kutakakolirudisha. Pamba yenye unyevu kidogo, kwa juu tu, kisha kausha papo hapo.

Picha nne: mbele, mgongo, pini na kifungo chake, muhuri kama upo. Kifungo cha ndoano tupu, na ncha ya pini inayopita ukingo, kwa kawaida ni cha karne ya 19. Chenye kufuli ya kuzungusha ni cha karne ya 20 au kimebadilishwa, na kama kimebadilishwa andika hivyo, bei ishuke.