Re: Ofisi ya ada imenifungia usajili, na Ijumaa ninakimbia

Chep wa Keiyo, Jumanne 28 Oktoba 2025

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Mimi ndiye yule wa mwaka wa kwanza niliyejitambulisha humu Agosti, mkimbiaji wa mbio za nyika chuo fulani cha kusini. Sikitaji, kwa sababu kocha wetu msaidizi ameoa Mkenya na huenda shemeji yumo humu.

Jana nimefungua akaunti nijiandikishe masomo ya Januari, nikakuta nimefungiwa. Kwenda ofisi ya ada naambiwa nadaiwa dola 910. Na mimi niko kwa skolashipu kamili! Mama wa dirishani akasema si ada, ni kodi ya chumba na chakula, kwa sababu mimi ni NRA. Nikamuuliza NRA ni nini, akanipa karatasi za kurasa nne na kumwita aliyekuwa nyuma yangu. Wenzangu Wamarekani kwenye timu hawadaiwi hata senti.

Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 14 Novemba, siku ile ile ya mashindano ya kanda. Swali langu ni moja tu: idara ya michezo inaweza kunilipia deni hili bila mimi kuonekana nimevunja sheria za NCAA, chama cha michezo ya vyuo? Kocha ananituma kwa watu wa kanuni, watu wa kanuni wananituma kwa DSO, afisa wa wanafunzi wa kigeni, naye anasema yeye ni karatasi za viza (I-20) na SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, mambo ya pesa hayajui. Nyumbani siwezi kuomba. Baba aliuza ng'ombe wawili nipate nauli.

Ijumaa tunakimbia mashindano ya konferensi, yaani ligi ya vyuo vyetu, na usingizi hauji.

Lubbock254, Jumanne 28 Oktoba

Aki pole, dada. USILIPE. Hata mimi niliwahi kudaiwa vitu vya ajabu hivyo, nikanyamaza, vikaisha vyenyewe. Piga simu IRS, watu wa kodi wa serikali, moja kwa moja uwaelezee wewe ni mwanafunzi.

Halafu wanaosema Texas Tech ni chuo cha mbio tu, Jumamosi kwenye futiboli tumempiga Oklahoma State 42 kwa 0. Msimu huu nani anatucheka?

Baba Tiffany, Jumanne 28 Oktoba

IRS ipi, ndugu yangu? Serikali imefungwa tangu tarehe 1 na karibu nusu ya watu wa IRS wako nyumbani. Atapigiwa muziki mpaka simu iishe chaji.

Lakini niwaambie kinachoniuma. Mimi niko Baton Rouge, mji wa chuo cha LSU. Jumamosi nilikuwa uwanjani na tiketi niliyoinunua kwa bei ya mbuzi. Mapumziko tunaongoza 18 kwa 14. Tukarudi tukala pointi 35 mfululizo kutoka kwa Texas A&M, ikaisha 49 kwa 25, na kabla robo ya nne haijaisha watu wameshafika kwenye magari. Jumapili kocha wetu Brian Kelly akafukuzwa. Mkataba wake unadai karibu dola milioni 54 ili akae nyumbani asifanye kazi! Nimetoa kikokotoo nikagawanya kwa 910: ni wakimbiaji zaidi ya 59,000 kama huyu mtoto. Penn State nao wiki mbili nyuma wamemfukuza kocha wao James Franklin kwa karibu milioni 49. Na kuna mama kwenye dirisha anamfungia msichana masomo kwa 910.

Chep, si uingie NIL, ile ya mwanamichezo kulipwa kwa jina na sura yake? Tafuta duka la viatu.

Binti Korogwe, Jumanne 28 Oktoba, usiku

Mwacheni mtoto apumue jamani.

Baba Tiffany, F-1, yaani viza ya mwanafunzi, na NIL ni petroli na kiberiti, usimtie mwenzio kwenye moto kisha urudi kwenye mpira wako. Tangu Julai vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka, na wageni wetu wanatazama tu kwa sababu ya viza.

Lubbock254, wewe ndiye umenitoa kitandani. Anayemwambia asilipe anampoteza. Deni haliishi lenyewe, na mwenye F-1 asipojiandikisha masomo kamili, SEVIS hawamuulizi kocha.

Sasa Chep, nisikilize, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. NRA maana yake ni mgeni asiye mkazi kwa mambo ya kodi, na kodi hiyo ni halali. Sehemu ya skolashipu inayolipa masomo na vitabu haitozwi. Chumba na chakula hutozwa, na kwa mwenye F-1 chuo kinakata asilimia 14. Wewe chakula unakila na chumba unakilalia, hakuna pesa taslimu ya kukata, ndiyo maana wanakubandikia deni. 910 ni asilimia 14 ya 6,500, kwa hiyo hiyo ndiyo thamani waliyoiweka kwa nusu mwaka. Angalia mkataba wako kama inalingana, maana wakati mwingine wanachanganya na vitabu. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, na sisi Tanzania vilevile, usipoteze muda kuutafuta. Wenzako Wamarekani nao wanatozwa kwa sheria, ila wao hawakatwi mlangoni, wanajaza wenyewe, na kiasi wanachosamehewa mara nyingi kinawafunika. NRA hana kusamehewa huko.

Kufikia katikati ya Machi watakupa 1042-S, karatasi ya kodi uliyokatwa. Jaza fomu za kodi za wageni, 1040-NR na 8843. Ngazi ya kwanza ya kodi ni asilimia 10 na wewe umekatwa 14, kwa hiyo kwa 6,500 utadai urudishiwe 260. Lakini lazima uwe na SSN, namba ya hifadhi ya jamii, na kama huna kazi chuoni huna SSN, basi ni fomu ya W-7 upate ITIN, namba ya mlipa kodi. Pasipoti yako usiitume kwa posta. Tafuta wakala aliyeidhinishwa, vyuo vingi vinaye mmoja amejificha ofisi ya wageni.

Hilo la idara ya michezo kukulipia ndilo hasa uliloniuliza, najua. Kuna mfuko wa kusaidia wanamichezo, na masharti yake niliwahi kuyashughulikia kwa mteja mmoja. Sitaki kusema kwa kukisia. Kesho nikitoka kazini nitafungua faili nikuandikie.

Mzee wa Palouse, Jumatano 29 Oktoba

Wanangu, mambo haya ya kodi ya chakula ni uchoyo wa siku hizi. Mimi nimeingia Pullman, chuo cha Washington State, mwaka 1979, theluji mpaka magotini, na hakuna aliyenidai kodi ya sahani ya viazi. Henry Rono alikuwa pale pale. Vijana hamjui. Mwaka 1978 kijana wa Nandi alivunja rekodi nne za dunia kiangazi kimoja, pale pale Pullman katikati ya mashamba ya ngano, na mbio za nyika za taifa akashinda mara tatu mfululizo. Alifariki Februari mwaka jana, na magazeti ya hapa yalimwandika kuliko ya kwetu. Chep, kimbia kama Rono, mengine yatajipanga.

Na siku hizi chuo chenyewe kimeonewa. Konferensi nzima ya Pac-12 ilikimbilia pesa za televisheni, tukabaki sisi na Oregon State tu kama watoto waliosahaulika shuleni.

Mwalimu El Paso, Jumatano 29 Oktoba

Mzee, heshima yako, lakini historia usiipike. Rono hakuvunja hata rekodi moja Pullman. Mita 5,000 ilikuwa Berkeley mwezi wa Aprili, kuruka viunzi na maji Seattle mwezi wa Mei, 10,000 Vienna, 3,000 Oslo mwishoni mwa Juni. Siku 81. Aprili si kiangazi hata kwenu huko. Na nyika alishinda 1976, 1977 na 1979. Mwaka 1978 alishinda Salazar wa Oregon. Mfululizo mara tatu ni Sally Kipyego wa Texas Tech, 2006 hadi 2008, na ninashangaa Lubbock254 amekaa kimya anatuhesabia futiboli.

Tena nyie Wakenya mkianza hadithi hizi mnajifanya hamjui kuna Mtanzania aliyewahi kuvaa viatu. Suleiman Nyambui, wa UTEP, chuo chetu cha El Paso, bingwa wa nyika 1980, mwaka ule ule ana fedha ya mita 5,000 Moscow. Kati ya 1975 na 1981 timu ya El Paso ilitwaa nyika ya taifa mara sita. Rono alishinda 1976 na 1979, kombe la timu likaja kwetu miaka yote miwili. Nyinyi mlikuwa na Rono, sisi tulikuwa na timu.

Mzee wa Palouse, Jumatano 29 Oktoba

Nilikuwapo. Wewe umesoma.

Binti Korogwe, Jumatano 29 Oktoba, asubuhi

Naandika haraka kabla ya kazi. Mzee, ulikuwa husamehewi kwa wema wa mtu. Sheria ya 1986 ndiyo iliyoanza kutoza chumba na chakula, na wewe ulishamaliza. Chep, jioni.

Lubbock254, Alhamisi 30 Oktoba

Sikukaa kimya, nilikuwa kazini. Sally ni malkia, mataji tisa ya NCAA akiwa hapa, nani hajui. Lakini hapa Lubbock ukienda futiboli utashangaa, wanarusha chapati. Zile za Kimexico za mahindi na ngano, mpira ukipigwa wa kwanza zinapaa kama sahani. Mwaka huu konferensi yetu ya Big 12 wamekataza, tulipocheza na Kansas tukapigwa adhabu za yadi 15, ikabidi chuo kiwaombe watu waache. Mama yangu angeona mtu mzima anatupa chapati angeingia uwanjani na mwiko.

Siku ya kwanza niliokota moja. Njaa ya mwanafunzi haina mahakama.

Baba Tiffany, Alhamisi 30 Oktoba

Umenikumbusha chapati za Eastleigh saa kumi na mbili asubuhi, na chai ya mkaa. Hapa nimejaribu kila unga. Ule wa bluu wa duka la Wahindi unakaribia, ila ukipoa unakuwa kandambili.

Chep wa Keiyo, Ijumaa 31 Oktoba

Asanteni kwa sala. Nimekuwa wa 38. Mvua, matope, kiatu kilitaka kubaki kwenye kona. Kuhusu lile swali langu, kuna aliyepata jibu?

Baba Tiffany, Ijumaa 31 Oktoba

38? Pole, mwanangu. Mwaka ujao.

Lubbock254, Ijumaa 31 Oktoba

Baba Tiffany, rudi kwenye LSU yako. Nyika wanakimbia saba, wanahesabiwa watano wa kwanza, timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Chep, wewe ulikuwa wa ngapi kwenye timu?

Chep wa Keiyo, Ijumaa 31 Oktoba

Wa tano.

Lubbock254, Ijumaa 31 Oktoba

Haya basi! 38 yake imeandikwa kwenye hesabu ya chuo. Bila yeye wangehesabiwa wa sita. Mwaka wa kwanza, tena kwenye matope. Hata Doris Lemngole wa Alabama kabla ya kuwa bingwa wa taifa mwaka jana, na kabla ya kushuka chini ya dakika 9 za viunzi Juni, alianza mahali.

Binti Korogwe, Ijumaa 31 Oktoba, usiku

Chep, nisamehe. Faili sijaligusa. Kwetu tangu Jumatano ya uchaguzi intaneti imezimwa. Ujumbe wangu kwa mama una tiki moja ya kijivu tangu saa nne asubuhi ya huko. Simu ya kawaida inaita mara moja na kukatika. Mdogo wangu yuko Dar, sijui yuko nyumbani au yuko wapi. Mwenye ndugu anayepatikana Tanga au Korogwe, hata kwa simu ya mezani, naomba aniandikie nje ya kundi.

Mwalimu El Paso, Jumamosi 1 Novemba

Mimi pia sipati mtu. Shemeji yangu aliye mpakani upande wa Kenya anajaribu kupitia kwa madereva wa malori. Akipata neno nitakupigia, hata iwe usiku wa manane.

Mzee wa Palouse, Jumamosi 1 Novemba

Poleni sana, majirani. Sisi nasi bado tuna kilio cha Baba, wiki mbili tu tumemzika Raila. Nimekaa mbele ya televisheni Spokane nikaona watu wamejaa barabara mpaka Bondo, nikajikuta nimevaa koti na viatu, kana kwamba nami natoka kwenda. Mke wangu akaniuliza, mzee unakwenda wapi? Lakini serikali zetu hizi, kama si

Msimamizi, Jumamosi 1 Novemba

Nimekata ujumbe wa Mzee hapo. Pole kwa wote, lakini mnajua tulivyofika mwaka 2017. Siasa nje ya kundi. Kuulizana habari za ndugu kunaruhusiwa.

Mzee wa Palouse, Jumamosi 1 Novemba

Nilikuwa sijamaliza sentensi.

Binti Korogwe, Jumanne 4 Novemba

Nimempata mama. Dakika mbili, sauti inakatika. Aliniuliza kama nimekula. Saa zimerudishwa nyuma Jumapili na mimi nikasahau, tofauti imekuwa tisa tena badala ya nane, nikampigia akiwa kwenye swala. Mdogo wangu yuko ndani, mzima, hatoki. Mwalimu, asante, na dereva wa lori umshukuru kwa niaba yangu.

Leo nimeomba ruhusa kazini. Nimelala mchana kutwa.

Chep wa Keiyo, Alhamisi 6 Novemba

Dada Korogwe, nimefurahi sana, tumekuwa tukikuombea hata na wenzangu wa timu ambao Korogwe hawaijui. Pumzika.

Kwa wengine: zimebaki siku nane. Watu wa kanuni wamenipa fomu, fomu inataka sahihi ya ofisi ya ada, ofisi ya ada wanasema hawatii sahihi kwa akaunti iliyofungwa. Kuna yeyote ambaye idara yake ya michezo ilimlipia kodi hii? Ndiyo au hapana tu.

Mzee wa Palouse, Alhamisi 6 Novemba

Mwanangu, wakati wetu tulikuwa tunamwendea kocha nyumbani kwake jioni, na zawadi ndogo ya kahawa ya Kenya.

Mwalimu El Paso, Alhamisi 6 Novemba

Mzee, HIYO ndiyo ingemletea shida na NCAA.

Lubbock254, Ijumaa 7 Novemba

Tukiwa kwenye nyika: nyika ya taifa ni Columbia, Missouri, Jumamosi tarehe 22. Mimi naendesha kutoka Lubbock, nalala Wichita, gari lina nafasi mbili. Nani yuko Kansas City mwenye sufuria kubwa? Chep, timu yenu ikipita kanda tutakuja na bendera.

Baba Tiffany, Ijumaa 7 Novemba

Nafasi moja yangu. Unga nitaleta, ila si ule wa bluu.