Mwanangu ameitwa kuhubiri Ghana kwa miaka miwili: siku zake zitakuwaje?

Mzazi wa Vihiga

Salamu kwenu nyote. Nimezaliwa na kulelewa katika kanisa la Friends, yaani Waquaker, kama ilivyo kwa familia nyingi za Vihiga, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningeandika habari za Wamormoni. Kijana wangu wa pili, mwenye umri wa miaka 20, alijiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho alipokuwa akikaa kwa shangazi yake mjini Kisumu, na mwezi uliopita alipata barua ya wito inayomtaka ahudumu Kumasi, nchini Ghana, kwa miezi 24. Alitusomea barua hiyo sebuleni akitetemeka kwa furaha, na mama yake akatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao walikuwa salama kabisa.

Sikuja hapa kubishana kuhusu mafundisho. Babu yangu aliongoka kutokana na kazi iliyoanzia Kaimosi, ambako Wamarekani watatu wa Friends walifika mwaka 1902, kwa hiyo siwezi kudai kwamba kijana kwenda nchi ya mbali kuhubiri ni jambo geni katika ukoo wetu. Ninachotaka kujua ni maisha yenyewe. Ataamka saa ngapi, atakula nini, ataishi na nani, na akishikwa na malaria ni nani atakayempeleka hospitali? Gharama zinalipwa na nani? Tumesikia habari nyingi mno za vijana wetu wanaosafirishwa ng'ambo kwa ahadi za kazi kisha wakateseka, na mzazi hawezi kulala usingizi kwa kuambiwa tu kwamba Mungu atamlinda. Nikimuuliza mwenyewe, hunijibu kwa maneno mazuri sana, kama mtu anayesoma tangazo. Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia.

Mrejea wa Kumasi

Mzee, heshima zako. Mimi ni wa Kakamega na nilihudumu huko huko Kumasi, nikarudi nyumbani nikiwa na miaka 22. Naanza na neno hilo hilo la mzee, kwa sababu ndilo jina atakalolizoea kwanza: katika kanisa letu mmisionari wa kiume huitwa Mzee, likifuatwa na jina la ukoo, na wa kike huitwa Dada. Beji nyeusi yenye jina hilo hukaa kifuani kila siku. Siku niliporudi likizo ya milele, kama tunavyotania, nyanya yangu alisikia rafiki akiniita Mzee, akauliza kwa upole kama nimeoa wake wangapi huko nilikokuwa.

Kuhusu hofu ya kusafirishwa, tofauti iko wazi tangu mwanzo. Hapaahidiwi kazi wala mshahara, na mmisionari harudi na akiba yoyote. Barua ya wito hutaja misheni, yaani eneo la kuhudumu, lugha na tarehe ya kuripoti, na kila misheni ina rais wake, ambaye huishi huko na mke wake na ndiye anayewajibika kwa vijana wote walio chini yake. Mwandikie mapema, ukijitambulisha kuwa wewe ni baba. Hakuna atakayeona vibaya. Kwa upande wa fedha, vijana kutoka Marekani na nchi nyingine tajiri huchangia dola 400 kwa mwezi, lakini familia za kwetu huombwa kutoa kulingana na uwezo wao, na kinachobaki hujazwa na mfuko wa kanisa. Kodi ya nyumba hulipwa na misheni, naye hupewa fedha za chakula na nauli kila mwezi. Ni fedha za kutosha mtu anayejua kupanga. Mwezi wangu wa kwanza sikupanga, nikaumaliza kwa mchele mtupu.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa tunaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunafanya mazoezi, tunaoga kwa ndoo maji yakikatika, tunakula, kisha tunasoma maandiko, kila mtu peke yake na baadaye pamoja. Baada ya hapo tunatoka, na kutoka huko ni hadi usiku, isipokuwa muda wa chakula. Tunatembelea watu waliokubali kufundishwa, tunasalimiana na wapita njia, tunamsaidia mama fulani kubeba maji au kulima, tunarudi mwendo wa saa tatu usiku, na taa huzimwa saa nne na nusu. Hakuna filamu, hakuna mpenzi, na hata kuogelea hakuruhusiwi, jambo ambalo kijana aliyezoea ziwa la Kisumu atalikumbuka kila jua likiwa kali.

Lakini ratiba si mzigo, mzee, kwa maana mwili huizoea kwa wiki mbili. Mzigo ni mwenza. Wamisionari hutembea wawili wawili na hawaachani mchana wala usiku, isipokuwa bafuni. Hulala chumba kimoja, kila mmoja kitandani kwake. Hukumchagua, naye hakukuchagua. Rais wa misheni ndiye anayewapanga, na kila baada ya wiki sita huenda mmoja akahamishwa au mkaachwa hapo hapo. Nilikaa na Mnigeria aliyeimba akiwa usingizini, na baadaye na kijana wa Utah ambaye hakuwahi kufua shati kwa mikono maishani mwake, nikamfundisha kwa ndoo na sabuni ya kipande, naye akanifundisha kuomba radhi kabla ya kulala. Kuna kikao cha kila wiki ambacho wenza hukaa na kuambiana ukweli. Kwa kijana wa Kiluhya aliyefundishwa kunyamaza mbele ya mgeni, kikao hicho kilinitoa jasho kuliko kilima chochote cha Kumasi.

Chakula hakitamsumbua. Banku hutengenezwa kwa unga wa mahindi na muhogo uliochachushwa, na mtu wa ugali huielewa haraka. Fufu, muhogo na ndizi zilizotwangwa, humezwa bila kutafunwa, ambalo ni somo jingine. Chai ndiyo tuliyokatazwa, pamoja na kahawa, pombe na tumbaku, na mwanao bila shaka ameanza kuikataa hapo nyumbani. Kwetu kukataa chai ni kama kukataa kiti, lakini kule mara nyingi tulikaribishwa kwa kinywaji cha Milo, ambacho tuliruhusiwa, na hakuna aliyekasirika. Mwambie tu asimpe mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Nililipa nauli ya matatu, ambayo wao huiita trotro, kwa mkono huo siku yangu ya pili, na utingo akaitazama noti kama kwamba nimeitoa jalalani.

Mama Bungoma

Baba wa kijana, mimi naongea kama mama. Binti yangu alihudumu Afrika Kusini kwa miezi 18, ambao ndio muda wa wasichana. Mambo ya simu yamekuwa rahisi siku hizi. Zamani wazazi walisubiri barua, na sauti ya mtoto waliisikia Krismasi na Siku ya Akina Mama tu, lakini tangu mwaka 2019 wanaruhusiwa kupiga simu kila wiki siku ya maandalizi, ambayo kwa kawaida ni Jumatatu, siku wanayofua, kunyoa na kununua chakula. Kumbuka kwamba Ghana iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo akikupigia saa sita mchana kwake, kwako ni saa tisa.

Kuhusu ugonjwa, kabla ya kuondoka atapimwa na daktari na daktari wa meno, na fomu hazipokewi zikiwa na pengo. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa kuingia Ghana, basi asiiache hadi wiki ya mwisho. Binti yangu aliugua mara moja. Mwenza wake alipiga simu kwa mke wa rais wa misheni, na jioni hiyo hiyo alikuwa mbele ya daktari.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nami nakuambia wewe, ni matanga. Mwezi wake wa kumi mama mkwe wangu aliaga dunia, yule aliyemlea mtoto huyu tangu akiwa na miaka mitatu. Kwa kawaida mmisionari haachi kazi kwa ajili ya mazishi, ingawa familia inaweza kuzungumza na rais wa misheni. Tulizungumza, na binti akachagua kubaki. Wazee wa ukoo waliniuliza mbele ya watu ni kanisa gani linalomzuia mjukuu kumzika nyanya yake, na sikuwa na jibu, kwa maana hata mimi nilikuwa najiuliza vivyo hivyo. Alilia nasi kwenye simu, mwenza wake akiwa amemshika mkono, msichana Mzimbabwe ambaye hatujapata kumwona. Aliporudi hatukumwingiza nyumbani kwanza. Baba yake alimpeleka kaburini na mizigo ikiwa bado garini, wakakaa huko hadi jua likatua. Kaeni na wazee wenu kabla hajaondoka, mkubaliane juu ya jambo hili wakati hakuna msiba, kwa sababu msiba ukifika hakuna atakayesikiliza.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Ninawaheshimu waliotangulia kuandika, ila naona pande mbili hazijaguswa. Kwanza ni masomo. Kama kijana ana nafasi chuoni, aandike barua ya kuahirisha masomo na apate jibu lenye mhuri kabla ya kusafiri, maana mpwa wangu aliondoka kwa ahadi ya mdomo, akarudi na kukuta jina lake halimo tena, akaanza upya pamoja na watoto aliokuwa amewatangulia miaka mitatu. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa kama lilivyokuwa lake.

Pili, jiandaeni kwa kurudi kwake. Kijana aliyeishi miaka miwili akiamka kwa ratiba na akiwa na mtu ubavuni kila saa hurudi nyumbani akajikuta peke yake, bila beji, bila kazi, na wenzake wamesonga mbele. Mpwa wangu alikaa wiki tatu akivaa shati jeupe na tai kila asubuhi, hana pa kwenda. Hata hivyo, sijui kijana mwingine wa rika lake anayeweza kugonga mlango wa mgeni, akafukuzwa, akasema asante na kugonga wa pili. Leo anauza bima hapa Nakuru, na mwajiri wake hajui alikojifunza.

Mzazi wa Vihiga

Nawashukuru. Habari ya matanga imenigusa sana, kwa sababu mama yangu ana miaka 84 na kijana huyu ndiye anayemsomea Biblia. Jumapili nitawaita ndugu zangu tukae, na Mama Bungoma ajue kwamba maneno yake yatasemwa katika kikao hicho. Barua ya chuo tunaipeleka wiki hii. Swali langu la mwisho ni dogo: orodha aliyopewa inataja viatu, na mama yake anataka kununua jozi nne kwa hofu kwamba huko havitapatikana.

Mrejea wa Kumasi

Mbili zinatosha, mzee, mradi ziwe nyeusi na soli zake ziwe za kushonwa, si za kubandikwa kwa gundi. Kumasi ina mafundi wa viatu kila kona, na wangu alinibadilishia soli mara tatu. Hizo fedha za jozi mbili zilizobaki, mama amnunulie soksi za pamba na mwavuli imara, kwa sababu mvua ya kule hainyeshi kwa adabu.